Kuanzia Nanenane hadi Krismasi: namna ya kuzifaidi sherehe na maonesho ya Kaskazini ukiwa Arusha au Moshi

Kuna mwaka nilimpokea mgeni stendi ya Arusha asubuhi ya tarehe 9 Agosti. Kavaa kofia pana ya jua, mkononi ana begi tupu la kubebea mbegu. Alikuwa ameambiwa Nanenane, maonesho ya wakulima, ni "wiki ya Agosti", naye akaona wiki ina siku saba, hana haraka. Tulipofika Njiro, kwenye viwanja vya maonesho, tulikuta vijana wanang'oa maturubai, lori linapakia ng'ombe, na mama mmoja anauza machungwa ya mwisho kwa bei ya kutupa. Tulinunua machungwa tukarudi.

Tangu siku hiyo kila anayeniuliza aje lini, namwambia kwamba huku Kaskazini, kati ya Agosti na Desemba, kuna kalenda tatu zinazokwenda sambamba. Kuna ya serikali, ambayo haina ubishi. Kuna ya dini, ambayo sehemu yake hufuata mwezi. Na kuna ya ukoo, ambayo haibandikwi ukutani wala haitangazwi redioni. Wageni wengi huishia kwenye ile ya kwanza, kisha wanasema Arusha ni safari za mbugani tu. Utamu uko kwenye ya tatu, na kuifikia kunataka maandalizi.

Kwanza, chora kalenda yako kabla ya kukata tiketi

Chukua karatasi, uandike tarehe ambazo hazihami: 8 Agosti, Sikukuu ya Wakulima, 14 Oktoba, Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, 9 Desemba, Uhuru, 25 na 26 Desemba. Hizo zote ni siku za mapumziko. Ofisi zimefungwa, mabasi yamejaa, na nyama choma ni ya foleni.

Chini yake weka zinazohama. Maulidi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo mwaka mmoja itaangukia Septemba na mwingine Agosti. Muulize mtu wa msikiti wa jirani, naye atakuambia hata usiku wenyewe watakaposoma. Diwali hufuata mwezi pia, kati ya Oktoba na Novemba, na familia za Kihindi za Arusha na Moshi huwasha taa zao kama kawaida. Ukiwa katikati ya mji jioni hiyo utasikia fataki.

Pembeni ya karatasi andika hali ya hewa, maana ndiyo itakayoamua uvae nini na gari gani litafika. Agosti mwanzoni Arusha bado ni baridi. Asubuhi unahitaji sweta, na saa sita umeshaifunga kiunoni. Septemba na Oktoba ni vumbi, vumbi lile jekundu linaloingia hadi kwenye soksi. Mvua za vuli huja Novemba hadi Desemba, na hapo barabara za udongo za migombani zinateleza kama sabuni. Ukipewa mwaliko wa harusi huko juu mlimani Desemba, uliza kwanza: lami inaishia wapi?

Pili, ulizia kwa watu

Bango linakuonesha tarehe na mahali. Halikuambii kwamba ratiba iliyoandikwa saa tatu asubuhi inamsubiri mgeni rasmi, na mgeni rasmi anafika saa sita. Mimi huwauliza watu wa aina tatu. Wa kwanza ni afisa utamaduni wa halmashauri, maana vikundi vya ngoma vinavyoalikwa kwenye shughuli za serikali vingi hupitia kwake. Wa pili ni karani wa parokia au katibu wa usharika, ambaye anajua kipaimara ni lini, kwaya gani inazindua albamu, na mavuno yanaletwa kanisani Jumapili ipi. Wa tatu ni mama yeyote mwenye meza yake sokoni kwa miaka mingi. Huyo anajua yote waliyonayo wale wawili, na anajua pia nani kagombana na nani, hivyo sherehe ipi itapooza.

Siku moja kabla, piga simu tena. Tarehe za sherehe za kijiji huweza kusogea kwa sababu ya msiba, na msiba hauombi ruhusa.

Tatu, Nanenane yenyewe

Maonesho ya Kanda ya Kaskazini hufanyika viwanja vya Themi, Njiro, Arusha, na hukusanya mikoa mitatu: Arusha, Kilimanjaro na Manyara. Kwa kawaida mabanda hufunguliwa tarehe 1 na kilele ni tarehe 8. Pengine huongezwa siku, lakini usizitegemee; muulize mgeni wangu.

Siku ya kilele ndiyo mbaya kuliko zote kwa mtu anayetaka kujifunza kitu. Kuna hotuba, kuna msafara, kuna watoto waliopotea wanaotangazwa kwenye vipaza sauti, na mtaalamu unayetaka kumuuliza habari za mbegu amesimama kwenye mstari akisubiri kumpa mkono kiongozi. Nenda kati ya tarehe 3 na 6, siku ya kazi, asubuhi. Wakati huo mabanda yameshakamilika, wataalamu hawajachoka, nao wana muda wa kukaa na wewe nusu saa nzima. Kama una watoto wanaotaka bembea na muziki, basi warudishe tarehe 8 uwaache wafurahi.

Kutoka katikati ya mji panda daladala za Njiro, ushuke kituo kinachoitwa Nanenane. Hakuna kondakta asiyekijua. Bodaboda watakupandishia bei wiki hiyo, kwa hiyo patana kabla hujakanyaga pedeli.

Ukishaingia, pita mabanda ya vipeperushi na kofia uende moja kwa moja kwenye vipando. Hayo ni mashamba madogo ya mfano yaliyopandwa miezi kadhaa kabla ili Agosti yawe yameiva. Pale utaona mahindi, maharage, mbogamboga na malisho yakiwa hai ardhini, kila tuta na kibao chake. Watu wa utafiti wa Selian wanakuja na maharage na mahindi, wa Tengeru na mboga na matunda. Ukisikia mkulima anataja Jesca au Lyamungu 90, jua hapo kinazungumzwa maharage. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko Lyamungu, upande wa Kilimanjaro, nao ndio wa kuwauliza habari za miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, magonjwa mawili yaliyowaliza wazee wetu wengi hadi wakang'oa mibuni. Swali zuri la kuwauliza ni hili: mche huu unafaa mwinuko gani? Wengi hununua kwa macho, wakaenda kuupanda tambarare, kisha wanalaumu mbegu.

Kwenye mifugo usikimbilie fahali mkubwa anayepigwa picha na kila mtu. Simama kwa wafugaji wa mbuzi wa maziwa na wa kuku, usikilize bei wanazotajiana wao kwa wao. Hayo ni mafunzo ya bure. Mabanda ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, nayo yana mashine ndogo za kukamua alizeti, kukausha matunda na kufungasha. Omba iwashwe mbele yako, na uulize vipuri vinapatikana mji gani.

Sasa kosa langu, nalitoa sadaka. Mwaka mmoja nilinunua miche minne ya parachichi saa nne asubuhi kwa sababu ilikuwa mizuri na muuzaji alikuwa mcheshi. Nikazunguka nayo siku nzima katikati ya umati. Mmoja ulivunjwa na mtoto mwenye puto, wa pili niliusahau kwenye banda la asali, na iliyobaki ilifika nyumbani imenyong'onyea kama mimi mwenyewe. Miche inunuliwe mwisho kabisa, ukiwa unaelekea getini. Mlipe mapema akuwekee, uchukue namba yake ya simu, upite jioni. Na uje na mkoba wako au kikapu, maana mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na ile mbadala ya pale uwanjani inachanika kabla hujafika barabarani.

Kula hapohapo. Mabanda ya akina mama lishe huwa na ndizi nyama, na ukibahatika utapata loshoro, mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa mgando, chakula cha Waarusha na Wameru. Mgeni hukitazama kwa mashaka, halafu huomba bakuli la pili.

Nne, jaza siku zilizo tupu

Kati ya sherehe moja na nyingine utabaki na siku mbili tatu. Arusha ina vitu viwili ambavyo wenyeji wenyewe hupita mbele yake kila siku bila kuingia. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1900, sasa ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na bustani yake ni kivuli kizuri cha mchana. Pale Kaloleni, jirani na mnara wa Mwenge, yapo Makumbusho ya Azimio la Arusha, katika jengo ambamo viongozi wa TANU walikutana Januari 1967 kuandaa Azimio. Ukienda tarehe 14 Oktoba au siku zinazoizunguka utakuta makundi ya wanafunzi na walimu wao. Simama nyuma ya kundi usikilize mwalimu anavyoeleza. Wengine wanaeleza vizuri kuliko maandishi ya ukutani. Kwa kuwa ni sikukuu, hakikisha siku moja kabla kwamba wamefungua.

Kama unataka sanaa za kuchonga na kuchora, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Dodoma kuna Cultural Heritage, jengo lenye umbo la ngoma na mkuki. Bei za dukani ni za watalii, lakini kutazama sanaa hakukupunguzii kitu mfukoni.

Kisha minada na magulio. Tengeru ni kubwa Jumamosi, Ngaramtoni Alhamisi na Jumapili, Kisongo Jumatano kwa ng'ombe na mbuzi. Mimi nasema wazi kwamba Jumatano moja ya Kisongo ni maonesho ya utamaduni kuliko shoo nyingi za hotelini. Wanaume wamesimama na fimbo zao wakipapasa migongo ya ng'ombe, wanawake wanapanga shanga na ugoro, na bei inasemwa kwa sauti ya chini huku muuzaji anatazama pembeni kana kwamba hana shida. Nenda kabla ya saa tano. Mchana vumbi linashinda biashara.

Tano, ukifika kwenye ngoma usiwe kero

Salimia kwanza. Mwanamume wa Kimasai mwambie "sopa", atakujibu "epa". Mwanamke "takwenya", atajibu "iko". Kwa wazee wa kabila lolote shikamoo haijawahi kukosea njia. Picha huombwa, na ukiambiwa kuna malipo, mkubaliane kiasi kabla ya kuinua simu. Ugomvi mwingi ninaoushuhudia huanzia hapo. Sherehe za rika za Wamasai, kama eunoto, si tamasha. Zina siku zake, na wenye siri zake wapo. Ukialikwa na mwenye boma, kaa utakapooneshwa, simu iwe mfukoni. Usipoalikwa, usifuate vumbi la watu.

Mambo mawili ya sheria ambayo watu husahau. Nguo za mabaka kama ya jeshi usivae kabisa, hata kama ulizinunua mtumbani Kiboriloni. Na droni hairushwi bila kibali, achilia mbali kwenye uwanja wenye viongozi.

Sita, kwenda Moshi

Arusha na Moshi zimeachana kama kilomita 80. Coaster na basi dogo hutoka kutwa nzima, na zikisimama kila mahali, Tengeru, Usa River, Boma Ng'ombe, hesabu saa mbili. Kaa upande wa kushoto ukitoka Arusha: Meru itakuaga, kisha Kilimanjaro, kama haujajifunika. Mlima huonekana asubuhi na mapema au jioni. Saa saba mchana utaambulia mawingu na kondakta atakuonesha kwa kidole mahali mlima ulipo.

Moshi mjini penyewe hapana mengi ya kukushikilia kwa siku nyingi. Pita kuliko jengo la KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoundwa 1933, unywe kahawa ya hapahapa, halafu panda juu.

Saba, Desemba ya Wachaga

Hii ndiyo sherehe kubwa kuliko zote za Kaskazini. Haina kamati wala jukwaa. Kuanzia kama tarehe 20 Desemba Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya na kokote walikofungua duka. Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kirua, Marangu, Mwika hadi Rombo, kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, kinawasha taa. Magari yenye namba za mjini yanapishana kwenye vichochoro vilivyochorwa kwa ajili ya punda.

Tiketi ya kutoka Dar ikatwe Novemba mwanzoni, ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Ikatwe ofisini au kwa mtandao wa kampuni, iandikwe jina lako, namba ya kiti na nauli uliyolipa kweli. Nauli za juu zimepangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Ukidaiwa zaidi, risiti ndiyo ushahidi wako, na bila risiti una hadithi tu. Vijana wanaokudaka getini Mbezi wakisema "mangi, twende, kiti kimoja kimebaki" waache wabaki na kiti chao. Kuna pia treni ya kwenda Moshi na Arusha; ni ya polepole, lakini kwa mwenye watoto na mizigo ina nafuu. Ulizia siku zake mapema, kwani haisafiri kila siku.

Ukiwa si Mchaga na umealikwa, usiende mikono mitupu. Sukari, mafuta ya kula na sabuni hazikataliwi. Kwa bibi peleka blanketi zito, kwa sababu huko juu usiku ni baridi hata Desemba. Pombe ya chupa waachie wenye hela za kuonesha, maana nyumbani kuna mbege.

Mbege ina adabu yake. Hutengenezwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichache, zikachanganywa na uji wa ulezi ulioota, na magome ya msesewe ya kutia uchungu. Ni kazi ya siku nyingi, kwa hiyo usiionje ukaiweka chini. Mwenyeji huonja kwanza mbele yako, ndipo kata inakufikia. Kunywa taratibu ukiwa umekaa. Inaonekana uji, lakini miguu itakuambia vingine. Kama hunywi, sema mapema na kwa heshima, utaletewa chai au maziwa na hakuna atakayenuna.

Mbuzi akichinjwa, usijichagulie nyama. Kila kipande kina mwenyewe kwa cheo na undugu, na mzee anayegawa anajua hesabu ambayo wewe huijui. Kisusio kikija, supu yenye damu, una haki ya kukataa. Mtori na kiburu, vyakula vya ndizi, hata mtoto anavimudu.

Utaona mpakani na makaburini mmea wa majani marefu, mwembamba wa shina. Ni isale. Usiukate wala kuuvunja ukipita, hata kama unaziba njia. Kwa Wachaga ndio jani la kuombea msamaha: ndugu waliokosana husuluhishwa nalo, na vikao vya ukoo vya Desemba vina kazi hiyo hasa. Ukikuta watu wazima wamekaa duara chini ya migomba na sauti zimeshuka, zunguka nyuma ya nyumba ukawasaidie akina mama kumenya ndizi. Hapo ndipo utakaposikia habari zote, tena kwa ufafanuzi.

Fedha beba taslimu kiasi, noti ndogondogo. Mawakala wa simu vijijini huishiwa fedha tarehe 24 mchana, watu wote wakitoa kwa wakati mmoja. Sadaka ya ibada ya Krismasi, mchango wa harusi utakaoombwa ghafla, na nauli ya bodaboda kutoka lami hadi kwenye kihamba: hizo tatu zitenge kabisa.

Kurudi ni kati ya tarehe 2 na 5 Januari kwa karibu watu wote, kabla shule hazijafunguliwa. Kama unaweza, subiri wapite. Na utapewa mkungu wa ndizi, huna namna ya kuukataa. Omba mchare, ndizi ya kupika, ambao haujakomaa sana, ufunge kwenye gunia pamoja na majani makavu, na upatane na kondakta bei ya mzigo kabla haujaingia kwenye buti. Mkungu ukishakuwa ndani, bei anaipanga yeye.